Kumlaza Baba

19 Februari

Kaka,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zenu huko kazini bado zinafungiwa kabatini mpaka Jumapili, na Jumapili mbele ya shemeji na watoto sitaki kueleza mambo ya ufundi, nitaonekana nimeharibu. Sijaharibu. Soma mpaka mwisho.

Ile kompyuta uliyowanunulia ilikuwa inatumia mfumo wa Linux wa zamani, toleo ambalo wenyewe walishaacha kulitunza. Nikaipandisha mfumo mpya. Kazi ilichukua asubuhi nzima, ikawaka vizuri, rangi zimebadilika kidogo, binti yako akasema imependeza. Ubaya ulitokea tulipofunga kifuniko. Unakumbuka zamani ukifunga inalala, ukifungua inaamka palepale ulipoiacha. Sasa ililala ikakataa kuamka. Taa inawaka, feni inavuma, kioo cheusi tii. Ikabidi niizime kwa nguvu. Nikarudia, vilevile. Nikataka kuiwasha kwa kiini cha mfumo wa zamani, nikakuta mimi mwenyewe nilishakifuta nilipokuwa nasafisha nafasi. Hapo utanicheka. Cheka.

Dawa niliyopata kwa sasa ni hii. Kuna faili la mipangilio, ndani yake nimeandika mstari HandleLidSwitch=ignore. Maana yake kifuniko kikifungwa, mashine ijifanye haijaona. Kioo kinazimika, lakini yenyewe iko macho na inaendelea na ilichokuwa inafanya. Betri italiwa, hilo najua. Nikipata dawa ya kweli nitauondoa. Shemeji nimemwambia tu kwamba imepona, maana nikianza kueleza huwa ananiuliza kama nimekula.

Mdogo wako,
fundi wa familia asiyeshukuriwa


20 Februari

Mama watoto,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama huwa hufiki mwisho.

Mimi mzima. Nimehamishwa kutoka kwenye mashine kubwa za kufulia, sasa niko kwenye mtambo wa kupiga pasi. Ni roli moja la moto refu kuliko sebule yetu. Mashuka ya hospitali yanaingia upande mmoja yamekunjamana, yanatoka upande wa pili yamenyooka kama karatasi. Mimi naingia asubuhi nimenyooka, natoka jioni nimekunjamana. Vidole vimechubuka ngozi kwa mvuke, ndiyo maana mwandiko umezidi ubaya wake wa kawaida. Na shule yenyewe unajua niliiacha wapi.

Nina neno la kukuuliza wewe peke yako. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Juni. Msimamizi ameanza kupita akiuliza nani anaongeza. Mimi nataka kurudi, na safari hii si likizo. Nataka kurudi moja kwa moja, nitafute kazi yoyote hapo nyumbani, nilale kwangu.

Jumapili ijayo nitawaambia watoto. Ila jibu lako nalitaka kwa barua. Siku za simu mnakaa mbele ya mashine kama mnapigwa picha ya kitambulisho, kila mtu mgongo wima, kila mtu hajambo. Sipati neno hapo. Niandikie. Unataka nirudi? Kama kuna kitu kooni, kitoe.

Mumeo


4 Machi

Baba watoto,

Barua nimeipata na nimeisoma nimekaa.

Unaniuliza kama urudi. Sasa mtu anauliza kurudi kwake? Rudi. Ulivyowaambia Jumapili mwenyewe uliwaona, watoto wamefurahi, Kitinda tangu siku hiyo anamtangazia kila anayepita. Binti naye amefurahi, ila umri ule unaujua, furaha yao hawaionyeshi. Sisi hatujambo. Hakuna neno kooni.

Kubwa linalonisumbua ni hii kompyuta. Tangu shemeji aifanyie huo mfumo mpya, betri haikai. Binti anaifunga akienda kuoga, akirudi anakuta imebaki robo. Akiiweka kwenye mkoba, mkoba unapata joto kama umebeba chapati. Nikimuuliza shemeji anasema inazoea. Mashine inazoeaje? Ana mtihani mwaka huu, na masomo yote anasomea humo. Wewe hizi kompyuta unazielewa kuliko mimi, na huko una wenzako mafundi. Niambie nifanye nini, nami nitafanya.

Kitinda anakusalimu. Anasema Jumapili usichelewe kwa sababu yeye ndiye anayekulaza.

Mkeo


18 Machi

Mama watoto,

Nashukuru kwa jibu lako. Nimelisoma mara nyingi.

Kuhusu betri, usihangaike. Mashine ni ya zamani na betri nayo imezeeka. Fanya hivi. Punguza mwanga wa kioo mpaka ule wa chini kabisa, kioo ndicho kinachokula zaidi. Zima Bluetooth, iko pembeni juu kwenye alama ndogo ndogo. Mwambie binti asifungue kurasa nyingi kwa pamoja. Na chaja iachwe kwenye ukuta kila mara, hasa Jumapili tunapozungumza, hata baada ya kuzungumza iacheni hapohapo mezani sebuleni. Fanya hayo kwa muda, utaona mabadiliko.

Mengine ni kazi tu.

Mumeo


18 Machi

Mdogo wangu,

Hii isome ukiwa peke yako, halafu ichane.

Mstari wako unafanya kazi. Unafanya kazi kuliko ulivyodhani. Unajua sisi hatukati simu kwa kitufe. Kitinda alipokuwa mdogo alikuwa analia tukibonyeza kile chekundu, anasema tunamkata baba. Tukamwachia afunge kifuniko, anasema "lala, baba", mashine inalala, simu inakatika yenyewe. Tumekwenda hivyo mpaka leo, hakuna anayekumbuka hata kitufe kiko wapi.

Jumapili ile niliyowaambia narudi, Kitinda akafunga. Kwangu kioo kikawa cheusi. Nikasubiri simu ikatike. Haikukatika. Nikasikia kiti kinavutwa. Kisha nikasikia mama watoto akishusha pumzi, pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Binti akauliza kama safari hii ni kweli. Mama yake akasema ndivyo alivyosema. Binti akauliza, kukaa? Akajibiwa, kukaa. Halafu wewe ukacheka, ukasema kaka atasaini tu, kaka huwa anasema. Na mke wangu akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo:

"Afadhali asaini. Tulishazoea kuishi hivi. Sasa tutaanza kujifunza kuishi na mtu."

Mtu, mdogo wangu. Hakusema "na baba yenu".

Nilipaswa kukata. Nilipaswa kusema, jamani nawasikia. Sikufanya. Jumapili iliyofuata nikajisemea leo nitakata, sikukata. Nilisikia wanapangana zamu ya kukaa katikati, kwa sababu anayekaa katikati ndiye ninayemuuliza ya shule. Yalinichoma. Lakini nilisikia na sahani zikioshwa. Nilisikia binti akimwigiza mwalimu wake, na mama yake akicheka kile kicheko cha kujishika tumbo. Hicho sijakisikia tangu niondoke. Mbele ya mashine hachekagi hivyo. Niko nimelala kitandani na spika za masikioni, maiki yangu nimeizima, wenzangu humu chumbani wanadhani nasikiliza mahubiri.

Barua yake inasema rudi, hakuna neno kooni. Sebule inasema lingine. Mimi nitaamini ipi? Mpaka msimamizi aje na karatasi, nataka niwe nimejua.

Kwa hiyo usiuguse huo mstari.

Kaka yako


1 Aprili

Kaka,

Barua nimeichana kama ulivyosema, baada ya kuisoma nikiwa nimefunga mlango kama mwizi. Kile kicheko changu naomba unisamehe. Ni mdomo tu.

Sasa nisikilize. Dawa ya kweli nimeipata. Huu mfumo mpya unapenda kuilaza mashine usingizi mwepesi, na mashine hii ya zamani haiuwezi, inataka ule mzito iliouzoea. Kuna mstari wa kuwashia, unaongeza humo mem_sleep_default=deep, basi. Nilijaribu shemeji alipotoka. Ikalala. Nikaifungua, ikaamka kama mtoto aliyeshiba. Nikajaribu tena, ikaamka tena. Nilitaka kupiga makofi.

Halafu nikairudisha kwenye ubovu wake kwa sababu yako. Nimetengeneza mashine nyingi za watu na nyingine nimeziharibu kwa bahati mbaya. Kuharibu makusudi ndiyo mara ya kwanza.

Kaka, hii si nzuri. Binti anasomea kwenye kioo ambacho mimi fundi sioni kilichoandikwa, eti baba kasema mwanga upunguzwe. Nimekaa pale sebuleni natazama ile mashine imefungwa, najua umo ndani, hata kikohozi natafuta pa kukikohoa. Mwambie mwenyewe kabla hajajua. Shemeji si mtu wa kufichwa kitu kikapita.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Nyamaza hivyohivyo, lakini acha maigizo. Jumapili mbili mfululizo kifuniko kikifungwa tu unaanza. "Kaka ni mtu wa pekee sana." "Kwa kweli kaka amejitoa." Unasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Binti akakuuliza kama unaumwa. Mama watoto akasema shemeji huyu anataka kuomba kitu. Mimi huku nimeziba uso kwa mto.

Sitaki kusifiwa. Nataka kusikia nyumba yangu kama ilivyo. Ukishindwa kukaa kawaida, usiende Jumapili.

Hapa joto la mtambo limemwangusha mwenzangu mmoja, tumemtoa nje tumemmwagia maji, akarudi kazini kabla shati halijakauka. Karatasi za mkataba zinakuja wiki ya mwisho ya mwezi. Nikisaini ni miaka mingine miwili. Nisiposaini, nafasi inapewa mtu mwingine siku hiyohiyo, wako wengi getini.

Kumwambia siwezi. Nikimwambia leo, kesho sebule nayo itakaa mgongo wima. Sitabaki na kitu.

Kaka yako


5 Mei

Mdogo wangu,

Sikusaini.

Nataka uwe wa kwanza kujua. Jumapili ile ya mwisho wa mwezi wewe hukuwapo, umefanya vizuri kunisikiliza. Kitinda alifunga akakimbilia nje. Akabaki mama watoto na binti. Nikasikia kijiko kinakoroga. Kisha mke wangu akasema, polepole, kama mtu anayejisemea:

"Nimechoka kuwa baba na mama. Aje. Hata akija mgumu, aje tu."

Mdogo wangu, nililia na spika masikioni. Hakuna aliyemshika mkono kumwandikisha barua, wala hakuna mume mbele yake anayemtazama. Mtu asiyejua kwamba anasikika hana sababu ya kudanganya. Kesho yake asubuhi msimamizi alipofika kwangu nikamwambia mimi narudi kwangu. Akanitazama kama niliyepandwa na homa. Akasogea kwa wa pembeni.

Sasa unaweza kuutoa mstari wako na kuweka hiyo dawa yako ya usingizi mzito. Sina haja tena ya kusikiliza. Mwambie binti aongeze mwanga wa kioo.

Mama watoto nimemwandikia tu kwamba sikusaini na kwamba nafika mwisho wa Juni. Sababu sikumpa.

Kaka yako


18 Mei

Kaka,

Tafuta pa kukaa.

Shemeji alikuwa anajua. Nilimwambia mimi. Haikuwa baada ya Jumapili hiyo, ilikuwa kabla yake. Katikati ya wiki binti alirudi ameshika kichwa, macho mekundu, hawezi hata kutazama dirishani. Shemeji akanifuata kwangu. Hakugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, hii mashine ina nini? Niambie kama unavyomwambia mama yako." Ningesemaje? Nikasema kila kitu, mstari, kifuniko, spika, vyote.

Alikaa kwenye kile kiti changu kibovu. Nikadhani atalia, hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama siku ile ya pumzi ulikuwa unasikia. Nikasema ndiyo. Akasema basi. Akanikataza nisiitengeneze mpaka Jumapili ipite, akanikataza na kuja.

Kwa hiyo alichosema Jumapili ile alikisema akijua uko ndani. Kwa nini alikisema, mimi sijui, na sikuthubutu kumuuliza. Nilidhani nikae kimya mambo yajipange yenyewe. Barua yako ya kutosaini ndiyo imenifungua mdomo.

Mashine nimeshaitengeneza. Inalala na kuamka vizuri.

Nisamehe.
Mdogo wako


30 Mei

Mama watoto,

Nimejua kwamba unajua. Tusizungushane.

Wewe ulikaa mbele ya mashine iliyofungwa ukaniwekea maneno matamu kama mtu anayemtegea panya. Nami nikaingia. Nimeachia kazi kwa maneno yale. Ungetaka kunikomesha ungepasua hiyo mashine, ungenitukana, ungeniambia kwa kinywa chako asaini, nisingekulaumu. Hukufanya hivyo. Uliniacha nifurahi. Mwezi mzima nilikuwa napiga pasi mashuka ya wagonjwa naimba, wenzangu mashahidi.

Najua nilikosea kusikiliza. Lakini mimi nilikuwa na nini kingine? Mnanipa nyuso kwa saa moja, nyuso zilizooshwa. Nilitaka kusikia sahani.

Nakuuliza swali moja, na nataka unijibu kwa karatasi. Yale maneno yalikuwa ya kweli, au uliyasema kwa sababu nilikuwa nasikiliza?

Mumeo


10 Juni

Baba watoto,

Umetaka tusizungushane, basi tusizungushane.

Ya kwanza niliyasema. Siyakani na wala siombi msamaha. Nilishusha pumzi kwa sababu nimekuwa nashusha pumzi kila Jumapili. Kukaa mbele yako ni kazi. Inabidi niwanawishe watoto, nitoe nguo kwenye viti, nikutafutie habari ambazo hazitakuumiza. Ukiumia uko mbali, siwezi kukushika, kwa hiyo nakuficha. Nilisema afadhali asaini. Ndivyo nilivyojisikia siku ile. Siku nyingine huwa najisikia tofauti, ila hizo hukuzisikia kwa sababu hazikuwa Jumapili.

Unasema nilikutega. Mimi niliambiwa mume wangu yuko ndani ya meza yangu tangu mwezi wa pili. Kila nilichosema na wanangu, kila nilipomgombeza binti kwa mambo ya kike ambayo hata baba wa karibu hutoka nje akayaacha, wewe umelala unasikiliza. Hukubisha hodi hata mara moja.

Na bado hilo si kubwa. Nikueleze kubwa. Mimi nilikuuliza kuhusu betri. Nilikuambia niambie nifanye nini, nami nitafanya. Ukaniambia nipunguze mwanga, nikapunguza. Ukaniambia nizime sijui nini, nikavaa miwani nikakitafuta mpaka nikakipata. Binti alinililia, mama sioni, nikamwambia baba yako kasema, baba yako anajua. Nilimgombeza mtoto kwa ajili yako. Ulikuwa unajua mstari uko wapi na unasemaje. Katika mambo yote ya miaka hii yote, kwenye betri ndipo nilipokuamini bila kufikiri, kwa sababu nilidhani kwenye betri mtu hana haja ya kudanganya.

Sasa swali lako. Nilikaa siku ile najua upo. Binti hakujua, nilimwacha akoroge chai yake. Nilikuwa nimejipanga kukutukana. Kinywa kilipofunguka kikatoka kile ulichokisikia. Kuchoka ni kweli, hilo usilitilie shaka. Kwamba aje, nililisema kwa sababu ulikuwa unasikia. Ndivyo mke anavyosema mbele ya mume. Sijui kama ungekuwa husikii ningelisema. Nimejiuliza kila siku tangu hapo. Ningekuwa na jibu ningekuandikia, hata kama ni baya.

Binti nimemwambia. Alinyanyuka akaenda kukaa uani. Aliporudi aliniuliza kama ulimsikia akimwigiza mwalimu. Nikamwambia ulimsikia. Tangu hapo haigizi.

Kama ile karatasi bado unaweza kuisaini, saini, sitakushikia kinyongo. Kama huwezi, njoo. Lakini usije ukasema ulitoka huko kwa maneno yangu. Hayo sitaki kuyabeba.

Mkeo


22 Juni

Mama watoto,

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko ya mchana, nimekaa juu ya furushi la mashuka machafu. Nikainuka nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Nikamwambia nimebadili mawazo, naomba karatasi. Akanionyesha kwa kidole. Kwenye mtambo wangu wa pasi kuna kijana mgeni, mikono yake bado mizima. Ameshavaa na ovaroli yangu, hawakuona haja ya kushona nyingine.

Kwa hiyo nakuja. Nataka uelewe vizuri. Siji kwa maneno yako ya kwanza wala ya pili, nakuja kwa sababu huku pamejaa. Nilitaka kukuandikia kitu kizuri zaidi ya hicho, nimeshindwa, na nimeapa nisikudanganye tena hata kwa kitu kidogo kama betri.

Binti usimwambie chochote kutoka kwangu. Nikifika nitamwambia mwenyewe, kama atataka kukaa.

Nafika tarehe mbili Julai mchana. Msije kunipokea. Mzigo ni mmoja, na njia ya kufika hapo naijua.

Kitinda mwambie nakuja. Kwamba nakuja kukaa, usimwambie bado.

Mumeo